Mbwa Huyu ni wa Nani?



Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya mnyama tunayemwona kila siku lakini hatumfikirii sana, yaani mbwa. Na mwisho nitasema machache juu ya paka. Sikusudii kuwafundisha kupenda mbwa. Anayempenda na ampende, na asiyemtaka nyumbani mwake kwa sababu ya dini yake au desturi ya wazee wake, ana haki kabisa. Neno langu ni jingine. Ni neno la hesabu, tena ni neno la wajibu, na ndani yake umo uhai wa watoto wetu.

Kata ya Makurunge iko kaskazini ya mji wa Bagamoyo, pande za bonde la Mto Ruvu, katika njia iendayo Saadani. Humo mna wakulima na wafugaji. Mkulima ana adui zake: nguruwe usiku, nyani na ngedere mchana. Mfugaji naye ana fisi wa kumwogopa, na chui pia. Basi kwa watu hao mbwa si pambo. Ni mlinzi asiyelala, na mshahara wake ni ukoko wa ugali na mifupa. Mtu akikosa mbwa msimu wa mavuno hukesha yeye mwenyewe katika dungu, akipiga debe na kupiga kelele mpaka alfajiri. Mbwa wa namna hiyo anajulikana. Ana jina, na ukiuliza ni wa nani utaambiwa, Ni wa bwana fulani.

Lakini wako na wengine. Hao tunawaona karibu na bucha, na pale wanapoparuzia samaki, na kwenye majalala, na kando ya barabara magari yanaposimama. Mmoja anachechemea, wa pili mbavu zake zahesabika, wa tatu ni jike, matiti yake yaning'inia, na nyuma yake watoto wanne wanamfuata. Uliza sasa, Mbwa huyu ni wa nani? Kila mtu atakujibu, Hana mwenyewe, huyu ni mbwa koko.

Wasikilizaji wangu, jibu hilo ndilo ninalotaka tulitazame vizuri, kwa maana si kweli kama tudhanivyo. Wataalamu waliohesabu mbwa katika vijiji vya Tanzania wameona ya kuwa mbwa walio wengi sana wana wenyewe, ila huachwa wakizurura watakako. Na hao wachache ambao kweli hawana mwenyewe hawakuota kama uyoga. Kila mmoja alizaliwa na jike. Na jike yule, au mama yake, alikuwa na kwao. Palikuwa na mlango aliolala mbele yake, na mtu aliyemtupia chakula. Siku aliyozaa, mtu yule alitazama watoto sita akasema, Hawa nitawapeleka wapi? Akawatia katika gunia, akawaacha njiani usiku. Mbwa koko basi ni mbwa aliyeachwa na mwenyewe, au mtoto wa mbwa aliyeachwa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo ubaoni.

Mbwa jike huanza kupata joto akiwa na umri wa miezi 6 hata 12. Hubeba mimba siku 63, yaani wiki 9 tu. Kwa kawaida hupata joto mara mbili katika mwaka, na kila mara aweza kuzaa watoto wanne, watano, hata zaidi. Tuseme jike mmoja azaa watoto 5 kila mara, ndiyo watoto 10 kwa mwaka. Tuseme tena ya kuwa kati ya hao 10 sita wafa na wanne wapona, wawili wakiwa madume na wawili majike. Mwisho wa mwaka wa kwanza mbwa ni 5, na majike ni 3. Mwaka wa pili hao majike 3 wazaa watoto 30, wapona 12. Mbwa sasa ni 17, na majike ni 9. Mwaka wa tatu majike 9 wazaa watoto 90, wapona 36. Mbwa ni 53.

Tazameni hesabu hiyo kwa pande zote mbili. Upande mmoja, jike mmoja amekuwa mbwa 53 katika miaka mitatu. Upande wa pili, watoto waliozaliwa ni 130, na katika hao 78 wamekufa kwa njaa, kwa minyoo, kwa mawe ya watoto, na chini ya magurudumu ya magari. Mambo ya dunia hayafuati hesabu ya ubaoni sawasawa. Pengine wazaliwa wachache zaidi, pengine wafa wengi zaidi. Lakini njia ni hiyo hiyo. Mtu asemaye, Mimi nimemwacha tu mbwa wangu azae kama Mungu alivyomwumba, hana budi kujua ya kuwa amewaita duniani wengi ambao hakuwaandalia chakula.

Pengine mtu atasema, Hayo ni mateso ya mbwa, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa ajili ya ugonjwa uitwao kichaa cha mbwa.

Ugonjwa huu huingia mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, hasa akiuma. Katika watu wanaouawa nao duniani, 99 katika kila 100 wameupata kwa mbwa. Mtu akiumwa hukaa majuma kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hata mitatu, haoni kitu. Kisha huanza homa, na kidonda kilichokwisha kupona huwasha na kuuma. Halafu huja hofu, na kushindwa kumeza, hata akiona maji katika kikombe koo lake hujikaza. Dalili hizo zikitokea hakuna tena dawa ya kutumainiwa. Hufa katika siku chache, naye mara nyingi akili zake zikiwa bado zaja na kuondoka, akiwatambua watu wake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yaonyesha ya kuwa watu wapata 59,000 hufa hivyo duniani kila mwaka, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa watu wapata 1,500 kwa mwaka. Wengi hufia nyumbani, na vifo vyao haviandikwi popote. Na wanaoumwa mara nyingi ni watoto, kwa sababu mtoto hucheza na mbwa, na humkimbia, tena ni mfupi, na meno humfikia usoni.

Kinga ya mwanadamu ipo tangu zamani. Mwezi wa Julai mwaka 1885, Louis Pasteur kule Ufaransa alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Lakini chanjo ya mtu aliyeumwa sharti ipatikane mapema, tena ni sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa. Fikirini mtu wa shamba: kwanza atafute nauli, kisha aende mpaka hospitali iliyo na dawa, kisha arudi tena na tena. Kuna wazazi waliouza mbuzi wao kwa ajili ya sindano hizo. Kumchanja mbwa mmoja kwa mwaka kwapita mbali kwa urahisi. Ndiyo maana wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nitawaonyesha jinsi uzazi wa mbwa unavyofungamana na ugonjwa huu, nanyi mnisikilize kwa makini, kwani hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Wataalamu wamegundua ya kuwa katika mbwa 100 wa mahali, wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia. Hufika kwa mbwa mmoja na kuzimika, kama moto uliofika penye mchanga. Tuseme kijiji kimechanja mbwa 70 katika 100. Mwaka wapita. Mbwa wa mashamba hawaishi sana. Tuseme 30 wamekufa, nao kwa kadiri yao, katika hao 30 waliochanjwa ni 21. Mahali pao pamejazwa na watoto 30 wapya, wasiochanjwa hata mmoja. Idadi ya mbwa ni ile ile 100, lakini waliochanjwa wamebaki 49. Mwaka wa pili ukipita bila chanjo, watabaki 34 tu. Hakuna mtu aliyefanya ubaya wowote. Ni watoto tu waliozaliwa. Lakini ukuta wetu umebomoka, na moto waweza kupita.

Basi mnaona: kila mzao usiotakiwa hutoa matofali katika ukuta ule. Kijiji ambacho mbwa wake hawafi ovyo wala hawazai ovyo, chanjo yake yadumu. Kijiji ambacho kila miezi sita hutokea watoto wapya majalalani, huchanja leo na kesho kimerudi pale pale.

Mtu mwingine atasema, Mambo ni mepesi, na wauawe. Ndiyo desturi ya mahali pengi; malalamiko yakizidi, mbwa wazururao hupigwa risasi au hutegewa sumu. Nataka niwaeleze habari za visiwa viwili, mpime wenyewe.

Kisiwa cha kwanza ni Flores, kule Indonesia. Kisiwa kile hakikuwa na kichaa cha mbwa mpaka mwaka 1997, ugonjwa ulipoletwa na mbwa waliovushwa baharini kutoka kisiwa kingine. Wakuu waliamuru mbwa wauawe, wakauawa maelfu kwa maelfu. Ugonjwa haukukoma, bali ulienea. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mtu ampendaye mbwa wake, akisikia wauaji waja, humficha au humhamishia kwa ndugu zake, na kama ana ugonjwa, huupeleka huko. Tena anayeuawa kwanza ni mbwa mpole anayekaribia watu, naye pengine ndiye aliyechanjwa. Na mahali pa waliouawa hapakai wazi: chakula cha jalalani kipo, majike waliobaki hushiba na kuzaa, na baada ya miezi michache mahali pamejaa watoto wasiochanjwa.

Kisiwa cha pili ni chetu, Pemba. Mwaka 2010 huko kulianza kazi ya kuchanja mbwa, na hata mwaka 2014 ugonjwa ukawa umezimika. Kisha watu wakalegea, kama ilivyo kawaida ya wanadamu hatari ikipita. Mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wapemba na watumishi wa mifugo hawakukata tamaa. Walichanja tena kisiwa kizima, na mwaka 2018 ukazimika mara ya pili. Hawakushinda kwa sumu, wala kwa bunduki. Walishinda kwa sindano na kwa subira, na kwa watu kuwaleta mbwa wao kwa kamba mpaka penye meza ya chanjo. Na hapo ndipo liliporudi lile swali letu: mbwa aliyeletwa kwa kamba ana mtu mwenye kushika kamba.

Basi mwenye mbwa afanye nini? Nitataja mambo matano, nayo ni mepesi kukumbuka.

La kwanza, ufuge kwa kadiri ya kazi na ya chakula. Kama shamba lako lahitaji mbwa wawili, watano ni wa nini? Mbwa wawili walioshiba hulinda kuliko watano wenye njaa, kwa maana mwenye njaa huacha shamba na kwenda jalalani. Tena usichukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki 8. Akiondolewa mapema kwa mama yake huwa dhaifu, tena hajajifunza adabu ya mbwa wenziwe, na baadaye huwa mwepesi wa kuuma.

La pili, umchanje kila mwaka. Mtumishi wa mifugo akitangaza siku ya chanjo, mpeleke, awe mkubwa awe mdogo, na cheti kikitolewa ukiweke pamoja na hati zako nyingine. Tarehe 28 Septemba kila mwaka, ambayo ndiyo tarehe aliyofariki Pasteur mwaka 1895, ni siku ya dunia ya kukumbushana habari za kichaa cha mbwa, na mahali pengi chanjo hutolewa siku zile.

La tatu, umzuie jike wako wakati wa joto. Dalili zake zajulikana: hutoka damu kidogo, sehemu zake za uzazi huvimba, na madume wa kijiji kizima hukaa mlangoni pako. Hali hiyo yapata wiki tatu. Katika siku hizo kumfunga kwa kamba chini ya mwembe hakufai kitu, maana madume watamfuata pale pale alipofungwa. Sharti awekwe ndani, penye mlango wa kufungika, na akitolewa atolewe kwa kamba na mtu mzima.

La nne, na ndilo lenye nguvu kuliko yote, umfunge kizazi. Neno hili huwashtua wengine, lakini sisi watu wa pwani tunalifahamu tangu zamani kwa wanyama wengine. Nani asiyejua maksai? Nani hajala ndafu katika karamu ya arusi? Mbwa dume huhasiwa vivyo hivyo, na jike hufunguliwa tumbo na daktari wa mifugo, akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, mji wa mimba na vifuko vya mayai hutolewa, kisha hushonwa. Baada ya siku kumi hivi kidonda hupona. Kazi hii ni ya mtu aliyesomea. Mtu asijaribu kumhasi mbwa kwa wembe au kwa kumkaza uzi. Ni ukatili, na mnyama aweza kufa kwa pepopunda au kwa kutoka damu.

Wengine hunena, Jike sharti azae kwanza mara moja, ndipo awe mzima. Si kweli, hakuna afya anayoipata kwa kuzaa. Wengine hunena, Mbwa aliyehasiwa halindi. Nalo si kweli. Hubweka na kulinda kama zamani, ila huacha kuzurura na kupigana kwa ajili ya majike, na hivyo hukaa zaidi nyumbani, ndipo penye kazi yake. Wengine humpa jike vidonge vya uzazi wa mpango vya wanadamu. Hiyo ni hatari, maana dawa za namna hiyo zaweza kuleta usaha katika mji wa mimba na kumwua. Na kama fedha yatosha mbwa mmoja tu, aanze jike. Kwa maana katika madume kumi, ukihasi tisa, yule mmoja aliyebaki atosha kuwapa mimba majike wote wa mtaa. Lakini kila jike aliyefungwa kizazi ni mizao yote ya maisha yake iliyozuiwa.

La tano, tufunike chakula cha bure. Matumbo ya samaki na mabaki ya bucha yakitupwa wazi, ni sisi tunaowalisha mbwa tusiowataka, tukilalamika huku tukiandaa meza. Shimo lililofukiwa kila jioni lafanya kazi kuliko bunduki.

Najua mtu wa Makurunge atauliza, Huyo daktari wa mifugo yuko wapi, na fedha zatoka wapi? Swali lake ni la haki. Waganga wa wanyama wenye ujuzi wa kupasua si wengi, na mara nyingi hukaa mijini. Na gharama ya mbwa mmoja akipelekwa peke yake ni nzito kwa mkulima. Lakini jambo lisilowezekana kwa nyumba moja lawezekana kwa nyumba ishirini. Tumezoea kuchangiana arusi, na misiba, na kuezeka darasa. Wenye mbwa katika kijiji wakiandikwa katika daftari la mtendaji, majina yao na majike waliyo nayo, wakaweka akiba kidogo kidogo tangu mavuno mpaka siku ya chanjo, mganga aweza kuitwa mara moja kwa mwaka, akafanya kazi ya siku mbili tatu mahali pamoja. Nauli yake ni moja, akiwa na mbwa mmoja au akiwa na ishirini. Na daftari lile lenyewe lina faida nyingine kubwa: siku mbwa akiuma mtoto, swali letu la mbwa huyu ni wa nani lina jibu, na mtu wa kumweka mbwa yule mahali pa kutazamwa siku 10 anajulikana.

Na kama watoto wamekwisha kuzaliwa? Basi wamekwisha kuwa wako. Mlishe mama yao vizuri, kwani anyonyeshaye hula karibu sana na wajawazito wawili. Watafutieni watu wa kuwachukua kabla ya wiki 8 kutimia, nanyi mpeni mtu aliyekubali kwa moyo, si mtoto aliyeomba bila idhini ya wazazi wake. Asiyeweza kuishi, kwa ugonjwa au kilema kikubwa, mganga aweza kumpumzisha bila maumivu. Lakini kuwatia katika gunia na kuwatupa mtoni au barabarani, hilo ni kosa mbele ya watu na mbele ya sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeweka wajibu wa kumtunza mnyama juu ya mwenye mnyama.

Machache juu ya paka. Nyumba nyingi za pwani hazikosi paka, maana panya hawakosi penye nazi na mpunga. Paka naye hubeba mimba wiki 9 hivi, aweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka, tena aweza kushika nyingine hali bado ananyonyesha. Kwa hiyo yote niliyosema juu ya mbwa jike yampasa na paka jike, pamoja na chanjo, kwa sababu paka akiumwa na mbwa mwenye kichaa huupata ugonjwa na kuutoa kwa watu.

Tena tusisahau majirani zetu wa porini. Kaskazini ya Makurunge iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, mahali ambapo nyika yakutana na bahari. Mwaka 1994 huko Serengeti simba wapata theluthi moja walikufa kwa ugonjwa wa homa ya mbwa unaoitwa distempa, na wataalamu waliutazamia kuwa ulitoka kwa mbwa wa vijiji vilivyozunguka. Mbwa wetu akizurura porini bila chanjo, hupeleka na hurudisha. Mtu afikiriye ya kuwa mbwa wake ni shauri lake peke yake, hajaona mbwa huyo afikako usiku.

Nimalizie kwa neno ambalo dini zetu hazigombani juu yake. Waislamu wanasimulia katika hadithi za Mtume habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Wakristo nao husoma katika Mithali ya kuwa kumwangalia mnyama ni alama ya mtu wa haki. Hapana kitabu kati ya hivyo kimtakacho mtu afuge wanyama wengi. Vyote vyamtaka asimwache yule aliye mkononi mwake.

Nanyi mkiumwa, au mtoto wenu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo tu, msiweke majivu wala tumbaku. Osheni kidonda saa ile ile kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku ile ile, msingoje kuona kama mbwa atakufa. Shirika la Afya Ulimwenguni na wenzake wameweka shabaha ya kwamba ufikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kitokacho kwa mbwa. Shabaha hiyo haitafikiwa na madaktari peke yao. Itafikiwa kijiji kwa kijiji, siku ile kila mwenye mbwa atakapoulizwa, Huyu ni wa nani, akajibu bila kusita, Ni wangu, amechanjwa, na hatazaa asiyetakiwa.